TAHADHARI: Fundi wa AC anayesema "gesi imeisha", kisha anakuuzia AC ya mwenzio

Ndugu zangu wa Tabata, Segerea, Kinyerezi na kokote hapa Dar ambako joto limeshaanza kuwatoa watu vyumbani usiku, naomba msome hii mpaka mwisho. Wasomeeni na wazazi wenu, hasa wanaoshinda nyumbani peke yao, maana hao ndio anaowatafuta.

Mama yangu ana miaka 71 na ana presha. Chumbani kwake tulifunga AC ya kawaida ya BTU 12,000, inayotumia gesi ya R22, na kwa miaka sita haikutusumbua. Desemba ikaanza kupuliza upepo usio na ubaridi. Mimi nilikuwa kazini, mama akampigia fundi aliyeacha kadi zake dukani kwa Mangi. Akaja kijana nadhifu, ovaroli ya bluu, shikamoo zake haziishi. Akafunga geji, akatikisa kichwa: "Mama, gesi imeisha. Ni kama mafuta ya gari tu, ukitumia yanaisha." Laki moja na ishirini. Chumba kikapoa, mama akamwombea dua.

Wiki tatu baadaye joto lile lile. Akarudi, akajaza tena, akachukua laki na ishirini nyingine.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu huu ndio uongo unaoliza wengi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inanyonya joto la chumbani, kompresa inaikandamiza na kuisukuma, inaliacha lile joto nje, inarudi. Ile ile, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Mara nyingi ni kwenye nati zinazounganisha mabomba ya shaba na mashine, au kwa wenzetu wa Mbezi Beach na Kigamboni, ni pale chumvi ya bahari ilipokula chuma. Kuitafuta hakuhitaji maajabu, povu la sabuni linatosha kwa sehemu nyingi. Fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anajua fika kwamba utampigia tena.

Mara ya tatu, katikati ya Januari, akasema kompresa imekufa. Mama akanipigia, nikajibu kwa haraka, "Mwache fundi afanye anavyoona." Naijutia sentensi hiyo hadi leo. Akampangia mama hesabu tamu: hii ya zamani anaichukua kwa laki mbili, anamletea AC mpya ya invata, ile aina inayookoa umeme, ya milioni moja na laki moja, kwa hiyo mama anaongeza laki tisa tu, na umeme utapungua nusu. Jioni ile ile akaileta. Haikuwa na boksi. Eti lililowa mvua njiani. Risiti ya kuandika kwa mkono, garantii ya mwaka mzima ya mdomo. AC ya zamani ikapakiwa kwenye bajaji, ikaondoka.

Kilichonishtua kwanza ni luku. Elfu kumi inatupa yuniti 28, na zilikuwa zinayeyuka kama zamani, wala sikuona nafuu yoyote. Kisha nikaanza kuisikiliza ile mashine ya nje usiku. Inawaka, inanguruma, inazima kabisa, halafu inawaka tena. Invata ya kweli haiendi hivyo. Chumba kikishapoa, kompresa yake hupunguza mwendo na kuendelea taratibu, na hapo ndipo umeme unapookolewa.

Mjomba akanitafutia fundi mwingine, mtu mzima aliyesomea VETA Chang'ombe. Ilikuwa Ijumaa jioni. Akafungua kava la mashine ya nje mbele ya macho yangu. Ndani hakukuwa na bodi ya invata, kulikuwa na kapasita nene ya kuwashia kompresa, kama kwenye AC yoyote ya kawaida. Pembeni kulikuwa na stika safi iliyoandikwa invata na R410A, gesi ya aina nyingine. Akaibandua kwa kisu, chini yake kukatokea kibao halisi cha kiwandani: R22. Mwili wote ulikuwa umepigwa rangi upya. Na kwa ndani ya kava, kwa kalamu ya wino mzito, palikuwa pameandikwa "CHUMBA 14". Mama yangu aliuziwa AC iliyotoka gesti.

Akaniambia kitu kingine kuhusu ile stika. Presha ya R410A iko juu sana kuliko ya R22. Fundi mwingine angeiamini stika akajaza R410A kwenye mashine ile, bomba lingeweza kupasuka mkononi mwake.

Kisha akafunga geji yake, akatoa gesi kidogo ili aone ni gesi gani. Akanusa. Akasimama ghafla. "Dada, zimeni udi ndani. Sasa hivi."

Mama hufukiza udi chumbani kila Ijumaa. Ndani ya ile AC mlikuwa na gesi ya kupikia.

Akazima umeme wa AC kwenye swichi kuu, tukamtoa mama na watoto uani, tukafungua madirisha yote. Nilikuwa na hasira ya pesa kwa wiki nzima, lakini pale hasira iliisha, nikabaki natetemeka. R22 haishiki moto kirahisi. Gesi ya kupikia inashika, na ni nzito kuliko hewa: ikivuja kwenye chumba kilichofungwa inatulia chini, sakafuni, pale pale mama anapoweka chetezo na dawa ya mbu ya kuwasha.

Nilimuuliza kwa nini mtu afanye hivyo. Akanieleza kwamba R22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi kama zetu zinaipunguza hatua kwa hatua kuelekea 2030. Inazidi kuadimika na bei inapanda. Propani, ambayo imo kwenye gesi ya kupikia, ina presha inayokaribiana na ya R22, kwa hiyo AC inapoa na geji inasoma vizuri, mteja hana habari. Zipo AC zilizoundwa kiwandani kutumia propani, inaitwa R290. Hizo hujazwa kiasi kidogo kilichopimwa na zina alama ya moto kwenye mwili. Ya mama haikuwa mojawapo.

Kwa hiyo fundi akija kwako, usikae sebuleni. Simama naye. Akisema gesi imepungua, mwambie akuonyeshe inapovujia, na aizibe kwanza. Kabla ya kujaza, gesi iliyoandikwa kwenye kibao cha mashine ndiyo iwe imeandikwa kwenye mtungi wake, na akiwa amefungua mfumo lazima alete pampu ya kuvuta hewa yote mabombani. Yule tapeli wetu alifungua gesi kidogo isukume hewa itoke, dakika moja, basi. Akisema kompresa imekufa, ulizia kapasita kwanza, maana kapasita ikifa, kompresa hainyanyuki kabisa, na bei yake huwezi kuilinganisha na ya kompresa. Usikubali akaondoka na kitu chochote "kwenda kukipima". Na AC mpya huja kwenye boksi lake, na risiti ya EFD.

Nimechukua RB polisi na malalamiko nimeyapeleka Tume ya Ushindani, FCC. Jina na namba siziweki hapa kwa sababu hazitawasaidia: simu haipatikani tena, na dada mmoja wa Kinyerezi aliyelizwa kwa maneno yale yale ya mafuta ya gari anamjua kwa jina tofauti kabisa. Mshikeni kwa maneno yake na kwa mwendo wake: gesi mara ya kwanza, gesi mara ya pili, kompresa mara ya tatu, kisha "niachie hii ya zamani".

Maana ya zamani ndiyo bidhaa yake. Ile ya mama nadhani ilikuwa na nati iliyolegea tu, na sasa itakuwa imeshapigwa rangi, imebandikwa stika, ipo ukutani kwa mtu. Kama umeuziwa AC "mpya" ya BTU 12,000 tangu Januari, fungua kava la mashine ya ndani, uangalie upande wa kushoto karibu na chujio. Mwanangu alibandika pale nyota mbili ndogo za njano, na gundi yake haitoki kwa kuoshwa. Ukiziona, mashine sikudai. Zima kwenye swichi kuu, fungua madirisha, ita fundi mwingine aipime gesi iliyomo, kisha niandikie hapa chini.