Mizani ya elfu ishirini na nane, na tl isiyokuwa tola

Miaka yote ya ufundi saa sijawahi kuhitaji mizani. Saa inataka jicho, mkono mtulivu na subira. Lakini mwaka jana bei ya madini ya fedha ilianza kupaa, na Oktoba 2025 wakia moja ikavuka dola 50, ikakipita hata kile kilele cha Januari 1980 ambacho ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walikisababisha kwa kununua fedha kana kwamba wanaitaka yote ya duniani. Tangu hapo haipiti wiki bila mtu kuinama kwenye kidirisha changu hapa Kariakoo, akafungua leso na kuuliza, "Fundi, hii ni fedha kweli?"

Mimi mwenyewe nakusanya. Nilianza na makasha ya saa za mfukoni, yale ya Kiingereza yenye alama ya simba anayetembea na nanga ya Birmingham, maana yake fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya elfu ni fedha halisi. Kutoka hapo nikahamia kwenye sarafu na nishani. Kwa hiyo mwezi Machi nikanunua mizani ya mfukoni kwa machinga wa Mtaa wa Kongo. Alianzia elfu arobaini, tukamalizana kwa elfu ishirini na nane. Haina jina la kampuni popote. Ukubwa wake ni wa pakiti ya karata, inabeba hadi gramu 200, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na inatumia betri mbili za rimoti.

Siku ya kwanza niliijaribu kwa rupia ya Mjerumani ya 1890, ile ya Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yenye tai juu, upande wa pili simba na mti wake. Ikitoka kiwandani rupia ilikuwa na gramu 11.66, yaani tola moja kamili, kwa sababu iliigwa kwenye rupia ya India. Yangu imelika, ikasoma 11.49. Sawa kabisa na mizani ya sonara jirani yangu, ambayo ni ya bei mara ishirini ya hii.

Kisha nikaona kitufe cha kubadilisha vipimo. Kuna g, oz, ozt, dwt, ct, gn na tl. Nilipoona tl nikafurahi, nikasema Wachina wametukumbuka, wameweka tola. Nikategemea rupia isome karibu na moja. Ikaandika 0.307. Nikaitoa, nikairudisha, nikapuliza kisahani, nikabadilisha betri. 0.307. Nikaanza kuandaa maneno ya kumwendea yule machinga, mpaka jirani akaja kuangalia, akacheka mpaka akashika mlango. tl ni tael, kipimo cha dhahabu cha Wachina, gramu 37 na ushee. Basi nawaambia mapema msije mkagombana na mtu.

Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni oz na ozt. Oz ya kawaida, ya kupimia sukari, ni gramu 28.35. Ozt ndiyo inayotajwa kwenye bei ya fedha duniani, nayo ni gramu 31.10. Nimeshatumiwa picha kwenye WhatsApp, nishani imewekwa juu ya mizani kama hii hii yangu, kioo kinasoma 1.00, na muuzaji anadai bei ya wakia nzima. Ukikuza picha unaona oz, siyo ozt. Karibu gramu tatu zimeliwa na herufi moja. (Kwa wazee wa Pwani, wakia ilikuwa uzito wa riale moja ya Maria Theresa, kama gramu 28, kwa hiyo wakia ya bibi yangu ilikuwa karibu zaidi na ile ya sukari. Na riale yenyewe msiichanganye na 925, ni 833. Mpaka leo Vienna wanaigonga na bado wanaiandika 1780.)

Mizani imerudisha bei yake kwenye twiga.

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyama. Ya shilingi 25 ina twiga, ya shilingi 50 ina faru, na Mwalimu yuko upande wa pili. Wengi hawajui kwamba kila moja ilitoka kwa namna mbili. Ile ya kung'aa kama kioo, ya wakusanyaji, ni fedha ya 925: twiga ana gramu 28.28, faru ana 35. Ile ya kawaida ni fedha ya 500, nusu shaba, na twiga wake ana gramu 25.4, faru 31.85. Sura moja, upana uleule.

Kijana mmoja aliniletea twiga ndani ya kiboksi cha plastiki. "Mzee, hii ni tisa mbili tano, haina mjadala." Nikamwomba ruhusa nitoe kwenye boksi. Kioo kikasoma 25.39. Nikamwonyesha, akasema mizani yangu mbovu. Nikaweka rupia yangu, 11.49 kama siku zote. Bado hakuridhika, kwa hiyo tukaenda kwenye maji.

Hapa ndipo mizani ndogo inapofanya kazi ya mizani kubwa. Unaweka kikombe cha maji juu yake, unabonyeza isome sifuri, unafunga sarafu kwa uzi wa kushonea na kuizamisha bila kugusa chini wala pembeni. Kinachosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Unagawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 inatoa kama 10.3, fedha ya 500 inatoa kama 9.7, na bati la kughushi huwa linaanguka chini zaidi. Twiga wa kijana alisoma 2.63. Gawa mwenyewe. Alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia alipigwa, aliinunua kwa bei ya 925. Kwa wakia ya dola 50, fedha iliyomo kwenye twiga wa 925 ina thamani ya kama dola 42, kwenye huyu wake kama 20. Niliinunua kwa bei yake halali, na ninaipenda. Kasoro yake ilikuwa lile jina tu.

Tahadhari moja kwenye jaribio la maji: msitumie bilauri ya kioo. Mimi nilianza nayo, ikazidi gramu 200 pamoja na maji, mizani ikaandika kosa na kugoma. Kikombe cha plastiki cha maharusini kinatosha.

Kasoro zake sasa, maana zipo. Haipendi panga boi. Likiwaka, tarakimu ya mwisho inacheza kama mtoto anayetaka kwenda chooni. Inajizima baada ya dakika moja, ukiwa katikati ya kufunga uzi, na sifuri yako inapotea. Jiwe la gramu 100 la kuisahihishia halikuwemo kwenye boksi ingawa picha ya boksi inalo, nikalinunua peke yake kwa elfu sita. Na haiwezi kukwambia kila kitu, jambo nililolijua vizuri mwezi Juni.

Alikuja mama mmoja, mwenyeji wa Songea. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Akafungua kitambaa, ndani nishani ya Waingereza ya vita vya 1914 hadi 1918: Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, farasi amekanyaga ngao yenye tai. Ni fedha ya 925 nayo. Zile za vikosi vya vibarua, kama vile Wachina na Wamalta, zilikuwa za shaba. Sonara mmoja, simtaji, alikuwa ameshampimia na kumpa bei kwa gramu. Alitaka tu mtu wa pili ampimie.

Nikapima. Mizani yangu ilisoma gramu 1.8 zaidi ya ile ya sonara. Kwa nishani moja hiyo ni pesa ya mboga, lakini ukipima hamsini kwa mwezi ni kodi ya chumba. Mama akaguna.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika hesabu ndipo nikakumbuka ukingo. Nikampa lenzi yangu ya saa na kumwonyesha namna ya kuiegesha jichoni. Nishani hizi zimepigwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe pembeni kote. Mwaka 1980 nyingi sana huko Uingereza ziliyeyushwa kwa sababu ya bei, majina na yote. Yake ilisomeka vizuri, mwisho wake K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la askari wa Kiafrika chini ya Waingereza. Mama aliizungusha polepole, akitaja herufi moja moja. Alipofika kwenye jina akalitamka, akanyamaza, akalitamka tena.

"Hili ni jina la kaka yangu," akasema.

Nikamwambia wakusanyaji wanalipa zaidi ya uzito kwa nishani yenye jina, hasa ya K.A.R., kwa hiyo akiuza asiuze kwa gramu. Sijui kama alinisikia. Aliifunga kwenye kitambaa, akaniuliza namdai nini, nikamwambia hakuna.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu. Kwa anayenunua sarafu za fedha wakati huu, bila mizani ya namna hii unanunua maneno ya mtu. Ongeza sumaku ndogo na lenzi. Kama mna nafasi ya kuchagua, tafuteni yenye kifuniko kigumu, changu kilipata ufa wiki ya tatu na sasa nakifunga kwa mpira. Betri za kwanza zilidumu miezi mitano.