Simu ya kukaa nayo miaka mingi: ununue ipi?

Kioo kikipasuka hubadilishwa, na simu ikaendelea na kazi. Kinachoimaliza kabisa ni mtengenezaji kuacha kutuma masasisho (maboresho ya mfumo na ulinzi wa simu), hadi siku programu ya benki inapokataa kufunguka. Ndiyo maana hapa sikupanga simu kwa kamera wala kwa wembamba. Nimechukua bei nikaigawa kwa miaka ya masasisho iliyobaki.

Nasisitiza iliyobaki, kwa sababu miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka, si tangu ulipoilipia. Galaxy S24 ya Samsung ilitoka Januari 2024 na ahadi ya miaka saba. Atakayeinunua mwanzoni mwa 2027, hata ikiwa kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, atakuwa amebakiwa na minne tu. Kabla ya kulipa, tafuta tarehe ya kutoka kwa simu hiyo na upige hesabu mwenyewe.

1. Simu ya daraja la juu ya mwaka jana, ikiwa mpya. Hii ndiyo chaguo langu bila kusita. Toleo jipya likitoka, la mwaka jana hushuka bei, ilhali umepoteza mwaka mmoja tu wa masasisho. Google ilianza kuahidi miaka saba kwenye Pixel 8, Oktoba 2023, na Samsung ikafuata kwa S24. Mfuko ukiruhusu, chukua GB 256. Betri ikichoka utaweka nyingine, lakini hifadhi ya ndani ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho, na nyingi za simu hizi hazina sehemu ya kadi.

2. iPhone iliyotumika, kuanzia iPhone 15. Kwa nini 15 na si 14, ambayo ni rahisi zaidi? Betri. Kwa maelezo ya Apple yenyewe, betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia 15 ni mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni chaji ya asilimia 100 kwa jumla, hata ukiitumia kwa siku mbili. Masasisho ya Apple nayo hudumu: iPhone XS ya 2018 ilipata mfumo wa iOS 18 mwaka 2024. Ukiwa na simu mkononi, fungua mipangilio uangalie hali ya betri, idadi ya mizunguko na historia ya vipuri. Kisha mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple kwenye simu mbele ya macho yako. Asipoweza, rudisha simu, hata bei iwe tamu vipi.

3. Daraja la kati, ikiwa mpya. Galaxy A16 ilikuja na ahadi ya miaka sita, jambo la kupongezwa kwa simu ya bei yake. Lakini ipo inayouzwa na RAM (kumbukumbu ambayo simu huitumia kuendesha programu) ya GB 4, na hiyo itaanza kuganda muda mrefu kabla ya ahadi kuisha. Tafuta GB 8.

4. Fairphone 5. Betri unaitoa kwa kucha, na kioo unakibadilisha kwa bisibisi. Ningeipa nafasi ya kwanza kama vipuri vyake vingefika kila mahali, ila soko lake kubwa ni Ulaya.

5. Simu ya bei ya chini yenye tarakimu kubwa kwenye boksi. Megapikseli 108, na hakuna neno lolote kuhusu masasisho. Iache.

Yoyote utakayochagua, ukitaka kuvuka mwaka wa tano tenga fedha ya betri moja mpya. Muulize fundi wako kabla ya kununua: betri halisi ya simu hii unaipata, na kwa bei gani? Akisema haipatikani, shuka kwenye chaguo linalofuata.