Darasa la yoga Shela: mwalimu anaujua mgongo wake tu

Kwa wanaoniuliza habari za yule mwalimu wa yoga wa Shela, kisiwani Lamu, wa asubuhi juu ya paa la makuti: nimekwenda, nimelipa, na nimerudi na mgongo mbovu kuliko niliokwenda nao.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Langoni, Lamu mjini. Kazi yangu ni kuinama kutwa. Kiuno kimenisumbua miaka, na daktari alishanikataza kuinamia mbele miguu ikiwa imenyooka. Wateja wangu wawili wakamsifu mwalimu huyu mpaka nikapanda boti.

Sehemu kubwa ya darasa ikaenda kwa kisa chake. Alivyoharibika mgongo kwa kukaa ofisini Nairobi, alivyoacha kazi, alivyokwenda Uhindi kusomea, alivyolia siku alipogusa vidole vya miguu yake. Kisa kinagusa, na mimi kilinishika. Akatueleza na habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga, aliyezaliwa 1918 kusini mwa Uhindi, akakulia kwenye maradhi, malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, hadi shemeji yake Krishnamacharya alipomfundisha yoga kule Mysore. Akasema huyo ndiye aliyewazoesha watu kutumia mikanda, matofali ya mbao na viti, ili mwili usioweza usaidiwe kufika. Nikasema moyoni, hapa ndipo mahali pangu.

Na matofali yalikuwepo! Yamepangwa pembeni karibu na ngazi, mchanga umetuama juu yake, mikanda imeviringwa kando. Hakuna aliyepewa hata moja.

Tulipofika pa kukaa miguu mbele na kuinamia, nikabaki nimekaa wima. Akaja nyuma yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, nina mgongo, daktari amenikataza hili." Akanijibu kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama, wangu ulikuwa mbaya kuliko wako, na nitazame leo. Hiyo ni hofu tu, legeza." Hapo hapo, bila hata kuniuliza, akaweka viganja viwili juu ya kiuno changu, akasukuma. Kitu kama umeme kikanishuka mpaka nyuma ya goti la kushoto. Nikapiga ukelele. Akasema, "Vizuri, pumua."

Vizuri gani? Mgongo wangu ameuona wapi? Yeye aliumia kwenye kiti cha ofisi, mimi nimekanyaga pedali tangu usichana, na nimezaa juu ya hayo. Aliyepona ni yeye. Kupona kwake hakumpi ruhusa ya kunisukuma mimi. Siku zilizofuata nguo za harusi za watu zililala mezani, jirani yangu akanimalizia kwa huruma, na mabibi harusi wakanuna na mimi badala ya mwalimu.

Lakini haki isemwe. Mwisho wa darasa, aliponiona nafuta machozi kwa mtandio, alikwenda kimya akaleta kiti, akanilaza chali, akapandisha miguu yangu juu ya kiti magoti yakakunjika, akanifunika leso. Akanifundisha kutoa pumzi kwa urefu kuliko ninavyoivuta. Maumivu yakatulia pale pale. Mpaka leo nafanya hivyo nyumbani baada ya Isha, na hilo ndilo linalonipa usingizi. Hapa mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake umenyamaza, na sijapata kufundishwa na mtu vizuri hivyo.

Na hili ndilo linalonichoma zaidi. Kumbe anajua! Kiti anajua kukitumia, pumzi anaijua, mwili wa mgonjwa anajua kuulaza. Basi kwa nini alianza kwa kusukuma?

Nilikusudia kuandika msiende kabisa. Sasa siwezi kusema hivyo. Mwenye mwili mzima aende, atapata faida. Mwenye mgongo, goti au mimba asipande ile ngazi. Tena hapana, hata huyo mzima asubiri kwanza, maana pale juu hakuna aliyeulizwa anaumwa nini kabla ya kuanza, hata mmoja.

Radhi hakuniomba. Pesa azile, sizidai. Ninachotaka ayateremshe yale matofali awape watu, na mtu akimwambia "nina mgongo," mikono yake aizuie.