Mpini wa mpingo kwa Smith & Wesson ya zamani

Bastola ninayoizungumzia ni Smith & Wesson Military & Police ya risasi za .38 Special, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1899, ambayo kampuni iliibatiza Model 10 ilipoanza kuzipa bastola zake namba mwaka 1957. Yangu ni ya kabla ya hapo, na mmiliki wa awali aliufupisha mtutu wake na kuikata ncha ya nyundo ili isinase kwenye nguo. Kwa wakusanyaji haina thamani tena, jambo linalonipa uhuru wa kuivisha mpini wowote unaonifaa.

Kasoro ya mpini wa kiwandani inafahamika. Vibao vyake viwili vya mti wa walnati ni vyembamba, vinafuata tu umbo la fremu (mwili wa chuma wa bastola), hivyo nyuma ya duara la chuma linalokinga traiga hubaki uwazi, na risasi inapotoka duara hilo hugonga kifundo cha kidole cha kati. Tiba ya zamani ni Tyler T-Grip, kipande kidogo cha alumini kinachojaza uwazi huo na kubanwa na vibao vyenyewe, bila kutoboa wala kukwangua chochote. Kwa mwenye fedha kidogo, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Mipini ya mpira hupunguza teke la bastola vizuri, lakini hung'ang'ania shati bastola ikivaliwa kiunoni, na kwa bastola iliyokatwa ili ibebeke kwa siri hilo ni kujipinga mwenyewe.

Nilichokichagua mwishoni ni vibao vya mpingo vilivyochongwa na fundi mmoja wa hapa Texas. Kabla ya kumfikia, muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitumia vibao vya kitako cha mviringo ilhali changu ni cha mraba. Fremu zote mbili ni za ukubwa wa K, yaani ukubwa wa kati wa kampuni hiyo, ila umbo la kitako likitofautiana vibao haviingii. Fundi aliuliza hayo yote mapema, kisha akanitaka nilaze mkono kwenye karatasi, niuchore kwa penseli na kumpelekea mchoro.

Kazi yake ni safi. Tundu la ile pini ndogo ya chini ya fremu limekaa mahali pake hasa, na ukipitisha ukucha kwenye mpaka wa mti na chuma hausikii ngazi. Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu ya juu ya kibao cha kushoto, ambayo ameichonga ikabonyea ili maganda ya risasi yanapotolewa kwenye silinda yasikwame, na kifaa cha kujazia risasi sita kwa mkupuo kipite bila kugusa mti. Mafundi wengi huliacha jambo hilo wakijali sura tu.

Lawama yangu ni moja: aliung'arisha mpingo kupita kiasi, na katika joto la Julai mkono wenye jasho uliteleza. Nililazimika kuupitisha msasa laini ili kuufifisha. Mti wenyewe, ule ule wa Lindi na Mtwara unaochongwa na Wamakonde na kutengenezewa klarineti Ulaya, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na uzito huo mkononi unausawazisha vyema mtutu mfupi. Kuna walionishauri pembe za ndovu, kwa hoja kwamba ndizo fahari ya bastola za kale. Mbali na masharti makali ya biashara hiyo Marekani tangu mwaka 2016, mtu wa kwetu aliyeona matokeo ya ujangili hawezi kuzishika kwa raha.

Bei ilikaribia nusu ya ile niliyonunulia bastola, na kusubiri kulikuwa kurefu. Kwa bastola ya kuhifadhiwa kabatini ningeona ni anasa. Kwa hii ninayoipeleka uwanja wa shabaha mara kwa mara, ningelipa tena, ila safari hii ningemwagiza fundi asiung'arishe.