Kadi ya chama: ukanda wa sumaku au chipu?

Vyama vingi vya akiba na mikopo hapa Kampala vikitaka kadi za wanachama, swali ni hilo. Kwa ukubwa hazitofautiani: milimita 85.6 kwa 54.

Ukanda mweusi wa nyuma una njia 3. Ya kwanza hubeba hadi herufi 79, ya pili hadi tarakimu 40. Jina na namba ya mwanachama vinaenea, na bei yake ni nafuu. Ila data imekaa wazi: mwenye kisomaji akiipitisha kadi mara moja tu, anaweza kuinakili kwenye kadi nyingine. Sumaku ya pochi nayo yaweza kuifuta.

Chipu ni kompyuta ndogo iliyo chini ya kibati cha rangi ya dhahabu. Iliyo nzuri hutunza ufunguo wa siri usiotoka nje. Kisomaji hutuma namba mpya kila mara, chipu huikokotoa kwa ufunguo huo na kujibu. Jibu la leo kesho halifai kitu. Bei iko juu, visomaji pia.

Kadi ya mahudhurio ya mkutano? Ukanda unatosha. Ikigusa akiba ya mama anayeuza matoke Nakasero, sikubali pungufu ya chipu, hata kama itabidi tuanze na kadi chache.