Kipima kileo kwenye joto la Mombasa: vodka ya 40 inasoma 44

Hamjambo jamaa zangu, karibuni barazani kwangu hapa Kisauni. Hiki kidude cha kioo nilichoshika ni kipima kileo, wengine hukiita alkoholimita. Chini kina tumbo zito, juu kijiti chembamba chenye namba kuanzia 0 hadi 100. Unamimina pombe kwenye silinda, unakitumbukiza, kinaelea. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji, kwa hivyo kileo kikiwa kingi kidude kinazama zaidi. Nimekinunua shilingi 1,200 na hii ni wiki ya tatu nakitumia.

Kwenye vodka ndiko kinakofaa hasa, maana vodka ni maji na alkoholi, basi. Kinywaji chenye sukari usikipime nacho, sukari inakifanya kizito na namba itakuwa ya uongo.

Sasa hii chupa, lebo inasema asilimia 40. Sogeeni karibu muone pale kijiti kinapotoka kwenye pombe. 44! Siku ya kwanza nilipandwa na hasira, nikasema wametuibia hesabu. Kumbe chupa haina kosa. Kidude kimesawazishwa kwa joto la nyuzi 20, na sisi hapa saa nane mchana tuko 30. Pombe ikipata joto inatanuka, inakuwa nyepesi, na kila nyuzi moja inaongeza kama 0.4 isiyokuwepo. Naitia silinda kwenye beseni la barafu, tusubiri kidogo... haya, nyuzi 20. Tazameni: 40 kamili.

Na hapa ndipo ninapowalaumu waliokitengeneza. Kwenye boksi hakuna kipimajoto! Mtu wa Pwani akinunua kidude hiki peke yake, kila chupa ataiona kali kuliko ilivyo.

Tuje kwenye hiyo 40 yenyewe. Kwenye baa nyingi utaambiwa ni Dmitri Mendeleev, yule Mrusi wa jedwali la elementi, ndiye aliyeamua. Sivyo. Tasnifu yake ya 1865 ilihusu kweli alkoholi na maji, lakini kilichomshughulisha ni jinsi viwili hivi vinavyochanganyika. Nusu lita ya alkoholi juu ya nusu lita ya maji haikupi lita nzima, inakupa kama mililita 965. Mimi jambo hilo linanifurahisha kuliko hadithi yoyote ya baa. Vodka yenyewe hakuipangia nguvu.

Walioipangia ni watoza kodi. Zamani Warusi waliipasha pombe moto, wakaiwasha. Ikiungua nusu, nusu ikabaki, hiyo ndiyo polugar, asilimia 38 hivi. Serikali ilipotaka kutoza kodi kwa kiasi cha alkoholi kilichomo, 40 ikawa rahisi kuhesabu, ikabaki hapo.

Na si Urusi ya zamani tu. Hapa Kenya, tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa pombe kali ni shilingi 10 kwa kila sentilita (mililita 10) ya alkoholi tupu. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40 ina sentilita 30, yaani shilingi 300. Ishushe hadi 37.5, kiwango cha chini kinachokubaliwa Umoja wa Ulaya, ushuru unakuwa 281 na senti. Marekani hawaruhusu chini ya 40.

Jamani, sikilizeni hili kwa makini. Kidude hiki kinakuambia kiasi, hakikuambii ni alkoholi gani. Methanoli, ile sumu inayopofusha na kuua, uzito wake unakaribiana sana na wa alkoholi ya kunywa, na hapa itasoma 40 vilevile. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe yenye methanoli. Kwa hivyo chupa isiyo na stempu ya ushuru usiinunue, na yenye stempu ikague kwa Soma Label, programu ya simu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Usiseme nina kipima kileo kwa hivyo niko salama.

Je, ninunue? Ukiuza vinywaji, nunua, pamoja na kipimajoto cha pembeni. Barafu nayo imeshayeyuka, angalieni silinda: nyuzi 27, na kidude kinasoma karibu 43.