Kozi ya lishe kwa wanaohudumia wagonjwa wa Parkinson: nyota nne

Mimi ni muuguzi wa wodi, na kozi hii ya mtandaoni ilipaswa kunifikia tangu chuoni. Somo la levodopa (dawa kuu ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo) peke yake linatosha kukufanya ujiandikishe: protini ya chakula hushindana na dawa hiyo kufyonzwa utumboni na kuingia kwenye ubongo, ndiyo maana kwa kawaida kidonge humezwa nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Wodini kwetu tulikuwa tukigawa dawa pamoja na sahani! Wanasisitiza pia mgonjwa asinyimwe protini ovyo, maana wengi hukonda. Kufunga choo kumeelezwa vizuri. Nyota moja nimeizuia kwa sababu somo la kumeza ni fupi mno, ilhali kupaliwa huleta nimonia. Madaktari nao waisome.